Kupandikiza Figo kwa Roboti: Jinsi Wapasuaji Wanavyofundishwa, na Yanayotuhusu Walimu

Kila mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza hukabiliwa na jambo ambalo sisi wakufunzi wake aghalabu hatulitamki waziwazi. Watoto wanaoketi mbele yake siku ile hawakuchagua kufundishwa na mwanagenzi. Akilivuruga somo la kutoa kwa kukopa, wao ndio watakaobaki nalo likiwa limevurugika, pengine kwa miaka. Mwanachuo hana budi kujifunza ualimu, wala hawezi kuujifunza pasipo kufundisha. Lakini gharama ya makosa yake hailipi yeye peke yake.

Seremala mwanagenzi huharibu ubao, na ubao mwingine hununuliwa. Kuna kazi chache ambazo, kama ualimu, makosa ya anayejifunza humwangukia mtu. Upasuaji ni mojawapo. Katika makala haya tutaeleza jinsi wapasuaji wanavyofundishwa kazi moja ngumu mno, nayo ni kupandikiza figo kwa kutumia roboti. Hatutazamii kwamba wasomaji wetu watashika kisu. Tumeichagua kazi hii kwa sababu wanaoifundisha wamelazimika kujibu swali ambalo sisi walimu tumezoea kulikwepa: mwanagenzi afanyie wapi makosa yake?

Kazi Yenyewe

Figo huchuja damu na kutoa taka mwilini kwa njia ya mkojo. Zinaposhindwa kabisa, mgonjwa huishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa kama 4 kila mara. Ama apewe figo ya mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray alichukua figo moja ya Ronald Herrick akampa pacha wake wa kufanana, Richard, ambaye aliishi miaka 8 zaidi. Kwa kazi yake Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Hapa Tanzania upandikizaji wa kwanza ulifanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India. Na mwaka 2018 ukafanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa ushirikiano na madaktari wa Japani. Kazi hizo zilifanywa kwa njia ya kawaida, bila roboti.

Figo mpya haiwekwi mahali pa zile za zamani, ambazo kwa kawaida huachwa zilipo. Huwekwa chini zaidi, ndani ya nyonga, na hapo mpasuaji huwa na maungio matatu ya kushona. Kwanza huunga vena ya figo na vena kubwa ya nyonga. Pili huunga ateri ya figo na ateri ya nyonga. Tatu huunga ureta, yaani mrija unaopitisha mkojo, na kibofu. Uzi anaoutumia kwa mishipa ni mwembamba sana, na kila mshono hauna budi kukaa mahali pake. Mishono ikiachana, damu huvuja. Ikivutwa kupita kiasi, mshipa hubanwa na damu huganda ndani yake.

Zaidi ya hayo kuna saa. Figo iliyotolewa huoshwa kwa maji baridi yenye dawa na kuhifadhiwa katika barafu, katika baridi ya kama nyuzi 4 za Selsiasi. Ikishawekwa mwilini huanza kupata joto ilhali bado haijapata damu, na chembe zake huanza kudhurika. Kwa hiyo kushona kwa haraka kunakovuja ni hasara, na kushona kuzuri kunakochelewa ni hasara vilevile. Mpasuaji anatakiwa awe sahihi na awe mwepesi kwa wakati mmoja.

Ufundi huu wa kuunga mishipa ulitengenezwa na daktari Mfaransa, Alexis Carrel, ambaye alitangaza njia yake mwaka 1902 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Husimuliwa kwamba alijifunza kushona uzi mwembamba kwa mwanamke mdarizi wa mji wa Lyon. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina funzo: kabla ya kuugusa mshipa, mkono wa daktari ulifunzwa kwenye kitambaa.

Roboti Inafanya Nini?

Neno roboti huwapotosha watu wengi. Wengine hudhani kwamba mashine hupasua kwa akili yake yenyewe. Sivyo. Mashine inayotumika zaidi, iitwayo da Vinci, iliruhusiwa kutumika kwa upasuaji nchini Marekani mwaka 2000, na haifanyi lolote ila kwa amri ya mikono ya mpasuaji. Mpasuaji huketi hatua chache kutoka kitandani, macho yake yakitazama kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya mwili kwa ukubwa ulioongezwa na kwa kina. Vidole vyake hushika vishikio viwili. Anachofanya kwa vidole hufanywa na vifaa vidogo vilivyoingizwa mwilini mwa mgonjwa kupitia matundu madogo. Mashine hupunguza mwendo, kiasi kwamba mkono ukisogea sentimita 3 kifaa chaweza kusogea sentimita 1, na mtetemeko mdogo wa mkono hauendi mbele. Msaidizi husimama kando ya mgonjwa kubadilisha vifaa na kupitisha nyuzi.

Faida yake ni kwamba jeraha huwa dogo. Katika njia ya kawaida mpasuaji hufungua tumbo upande mmoja kwa urefu ambao mara nyingi hufika sentimita 15 au zaidi. Kwa roboti hutosha mpasuo mdogo wa kupitishia figo pamoja na matundu ya vifaa. Faida hii ni kubwa hasa kwa wagonjwa wanene sana, ambao majeraha yao makubwa huoza kwa urahisi. Na mgonjwa aliyepandikizwa hutumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, kwa hiyo jeraha lenye usaha ni hatari kubwa kwake. Mwaka 2010 wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walitangaza kufaulu kwao kwa mgonjwa wa aina hiyo.

Lakini mashine imemnyang'anya mpasuaji kitu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 mashine hizi hazikumrudishia hisi ya mguso. Vidole havikujua kama uzi umekaza au umelegea, wala kama ukuta wa ateri ni laini au umekuwa mgumu kwa ugonjwa. Mashine mpya zaidi zimeanza kurudisha sehemu ya hisi hiyo, lakini nyingi zilizomo hospitalini hazina. Hapa ndipo ugumu wa kufundisha ulipo. Mpasuaji hodari wa njia ya kawaida hawezi kuhamia kwenye roboti akatumaini kwamba uhodari wake utamfuata wote. Hana budi kujifunza upya kuutambua mvutano wa uzi kwa macho: namna uzi unavyonyooka, namna nyama inavyokunjamana kando ya mshono. Mtu mzima, bingwa wa kazi yake, hurudi kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Desturi ya Zamani

Kwa miaka mingi wapasuaji walikuwa na msemo mfupi: ona moja, fanya moja, fundisha moja. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hutazama bwana wake akifanya, kisha hufanya mwenyewe, kisha humfundisha mwingine. William Halsted, aliyekuwa mpasuaji mkuu wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore tangu mwisho wa karne ya 19, aliweka utaratibu bora zaidi, ambapo mwanafunzi alipewa madaraka kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Hata hivyo chumba cha kujifunzia kilikuwa kilekile cha upasuaji, na kitabu cha mazoezi kilikuwa mwili wa mgonjwa.

Desturi hii haikuwa ya ovyo, kwani imetoa mabingwa wengi. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, kutazama si kujifunza. Anayetazama huona mikono ikienda, lakini haoni kilichoamuliwa kabla ya mkono kwenda. Pili, mafunzo hutegemea bahati ya wagonjwa wanaofika: mwanafunzi mmoja hukutana na kazi 20 za namna fulani na mwenzake 3, na wote wawili humaliza muda wao siku moja na kupewa cheti kimoja.

Hatua za Mafunzo ya Sasa

Katika upandikizaji wa figo kwa roboti, mwenendo unaofuatwa na walimu walio makini una hatua tano. Tutazieleza moja baada ya nyingine.

(a) Kuigawa kazi. Kazi nzima huvunjwa katika vipande vidogo: kuisafisha mishipa ya nyonga, kuibana, kuifungua, kuunga vena, kuunga ateri, kuachilia damu, kuunga ureta. Kila kipande hugawanywa tena. Kuunga vena, kwa mfano, kuna sindano iingie wapi, itoke wapi, uzi uvutwe kuelekea upande gani. Madaktari wa Detroit, Marekani, na wa Medanta, nchini India, walioanza kuipanga njia yao mwaka 2013, walichapisha maelezo yake hatua kwa hatua. Walionyesha hata jinsi figo inavyofungwa katika kitambaa chenye barafu iliyosagwa ili ibaki baridi wakati wa kushona. Kazi isiyoandikwa hivi haiwezi kufundishwa, huigwa tu.

(b) Kufanya mazoezi juu ya kitu kisichoumia. Mwanafunzi huanza kwenye kompyuta inayoiga roboti, akihamisha pete na kupitisha sindano. Baadaye hushona nyama ya kuku na viungo vya wanyama. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza jinsi walivyotengeneza figo, mishipa na nyonga za bandia kwa vitu laini vyenye maji mengi, wakitumia kalibu zilizotokana na picha za miili ya watu. Mshipa wa bandia hupitisha maji mfano wa damu, na mshono mbaya huvuja mbele ya macho ya aliyeushona. Hii ni zana ya kufundishia kwa maana yake kamili, kwa kuwa humwonyesha mwanafunzi kosa lake papo hapo bila mwalimu kusema neno.

(c) Kuweka kipimo kabla ya kuanza. Hii ndiyo hatua tunayoiona kuwa nzito kuliko zote. Mabingwa hufanyishwa zoezi lilelile, na matokeo yao huandikwa: wametumia muda gani, wamekosa mara ngapi. Hayo huwa ndiyo kiwango. Na kosa pia huelezwa wazi mapema. Halisemwi kwamba mwanafunzi "ameshona vibaya", bali kwamba sindano imeshikwa kwa ncha, au uzi umekatika, au mshono umeruka. Mwanafunzi haendi hatua ya pili mpaka akifikie kiwango. Aliyekifikia kwa siku 2 huendelea. Aliyehitaji siku 6 hupewa siku 6. Kinachopimwa ni uwezo, wala si muda.

Je, njia hii huleta tofauti? Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza jaribio lililowahusisha madaktari wanafunzi 16. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye kompyuta mpaka wakafikia kiwango kilichowekwa na mabingwa. Nusu walifundishwa kwa desturi. Kisha wote walifanya upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo. Waliofanya mazoezi hadi kiwango walimaliza sehemu iliyopimwa kwa muda uliopungua kwa asilimia 29. Wale wengine walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuujeruhi mfuko wa nyongo au kuunguza nyama isiyohusika. Tukumbuke kwamba wote walikuwa na akili na bidii. Kilichowatofautisha ni namna walivyofundishwa.

(d) Mwalimu kuwa karibu na usukani. Mwanafunzi anapofika kwa mgonjwa, hapewi kazi nzima. Hupewa kipande kisicho na hatari kubwa, mwalimu akifanya vilivyobaki, kisha huongezewa. Tangu mwaka 2009 zimekuwapo mashine zenye viti viwili, kimoja cha mwanafunzi na kimoja cha mwalimu, wote wakiona picha moja. Mwalimu aweza kuchukua vifaa mara moja mambo yakiharibika, na kuvirudisha yakitengemaa. Saa ya figo ikikaribia mwisho, mwalimu mwema hangojei: huchukua, humaliza, na baadaye humweleza mwanafunzi kwa nini. Kuchukua huko si adhabu. Kulikwisha kupatanwa kabla ya kuingia chumbani.

(e) Kuandika kila tokeo. Madaktari wa Detroit na Medanta walichora grafu za kazi zao tangu mgonjwa wa kwanza, wakitumia njia ya hesabu iliyozaliwa viwandani kwa ajili ya kukagua bidhaa. Kila mgonjwa aliongezwa kwenye mstari. Na mstari ukipanda kupita mpaka uliowekwa, ilikuwa ishara ya kusimama na kutafuta sababu. Hawakungoja mwaka uishe ndipo wahesabu madhara.

Namba ya Kutafakari

Mwaka 2020 kikundi cha wapasuaji wa Ulaya kilichapisha uchunguzi juu ya muda unaohitajika kuumudu upandikizaji huu. Kilikadiria kwamba mpasuaji huhitaji kufanya kama kazi 35 kabla muda wake, madhara yanayotokea na afya ya figo anazopandikiza havijatulia katika hali ya kuaminika. Na hao hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tuitazame namba hiyo kwa utulivu. Thelathini na tano si grafu tu. Ni watu, na nyuma ya wengi wao kuna ndugu au mke aliyejitolea figo ambayo hana nyingine ya kumpa. Hakuna njia ya kuifanya namba hiyo kuwa sifuri, kwa maana lazima kuwe na mgonjwa wa kwanza. Lakini sehemu ya kujifunza yaweza kuhamishwa kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye kompyuta, kwenye nyama ya kuku na kwenye figo ya bandia. Hilo ndilo jibu la wapasuaji kwa swali tuliloanza nalo: makosa yanayoweza kufanyiwa mahali pengine yasifanyiwe kwa mgonjwa.

Yanayotuhusu Walimu

Hatudai kwamba darasa ni chumba cha upasuaji. Mtoto si mshipa wa kushonwa. Hujibu, hucheka, huchoka, na kesho huweza kusahihishwa. Lakini katika mambo manne twaweza kujifunza.

Kwanza, mwanachuo asiishie kutazama somo la kielelezo. Baada ya kumtazama mkufunzi akifundisha kutoa kwa kukopa, na alivunje somo hilo vipande: kuhesabu vijiti 10, kuvifunga fungu, kulifungua fungu, kuandika ubaoni kilichofanyika mkononi. Kisha akifundishe kipande kimoja tu kwa dakika 10 mbele ya wanachuo wenzake. Akikosea hapo, hakuna mtoto aliyepotoshwa. Wenzake wasimwambie tu kwamba somo lilikuwa zuri au baya. Wamweleze kwamba alifungua fungu kabla ya watoto kuona haja ya kulifungua.

Pili, tuweke kipimo kabla ya somo. Katika andalio la somo lengo lisiwe "wanafunzi waelewe kutoa". Liwe jambo linaloonekana: kwamba kila mtoto aweze kufanya hesabu 5 za namna ile bila vijiti na kupata 4. Na asiyepata asipitwe kwa sababu kengele imelia. Tunajua ugumu wake katika darasa la watoto wengi. Lakini tofauti ni kubwa kati ya mwalimu anayejua kwamba watoto 12 hawajafika na anayeendelea mbele asijue.

Tatu, mwalimu wa darasa na mwanachuo wapatane mapema juu ya usukani. Ni jambo la kawaida kumwona mwalimu wa darasa akikaa kimya nyuma huku somo likipotea, kwa kuogopa kumwaibisha mgeni. Ama akimkatiza kila dakika mpaka watoto wamdharau. Yote mawili hutokana na kutopatana. Mwanachuo na aseme kabla: mwalimu, ukiona nimepotea, nyosha mkono, nami nitakukaribisha.

Nne, tuandike. Daftari dogo lenye safu ya tarehe, safu ya jambo lililofundishwa na safu ya idadi ya walioweza hutosha. Baada ya wiki 6 daftari hilo litamweleza mwanachuo mambo ambayo hakuna mkaguzi angeweza kumweleza.

Hitimisho

Wahenga walisema, mchezea zuri, baya humfika. Mwanagenzi anayepewa kazi njema bila maandalizi huweza kuiharibu, na wengine wakaumia. Wapasuaji wa figo wamejifunza kwamba heshima kwa mgonjwa huanza kabla ya mgonjwa kufika: huanza kwenye meza ya mazoezi, usiku, sindano ikirudiwa mara ya 40. Nasi heshima yetu kwa mtoto na ianze chuoni, kabla hatujauvuka mlango wa darasa lake.

Maswali ya Majadiliano

1. Chagua somo moja la Darasa la Tatu. Ligawe katika vipande visivyopungua vinne, na ueleze ni kipande kipi kilicho kigumu kwa mwalimu na kipi kwa mtoto.

2. Andika makosa matatu ya mwalimu katika somo hilo kwa maneno yaliyo wazi kiasi kwamba watazamaji wawili wangeyahesabu sawasawa.

3. Katika darasa la watoto 70, kanuni ya kutokwenda mbele mpaka kiwango kifikiwe itumikeje? Toa njia moja inayowezekana na ueleze udhaifu wake.

4. Je, ni haki kumpa mwanagenzi darasa lililo nyuma kuliko yote? Jadilianeni, mkiwafikiria watoto kwanza na mwanachuo baadaye.